Mkoba Usiobeba Kitu

Mwanamume wa Uskoti aliyevaa kilti, ile sketi ya sufu ya drafti yenye marinda nyuma, hana mfuko hata mmoja. Ndiyo maana mbele yake, chini ya mkanda, huning'inia kijimkoba kiitwacho sporani. Jina limetoka katika Kigaeli, lugha ya watu wa milimani kule, na maana yake ni mfuko wa pesa. Basi. Lakini ingia leo ukumbi wa harusi pale Glasgow, uzitazame. Utaona manyoya ya sili, fedha iliyonakshiwa, vishada vitatu vinavyorukaruka kila bwana anapopiga hatua. Simu ya bwana iko wapi? Mara nyingi iko kwenye mkoba wa mkewe, pamoja na funguo za gari.

Watetezi wa manyoya husema huo ndio utamaduni. Utamaduni upi? Kilti ya kale, ile kubwa ya karne ya 16 na ya 17, ilikuwa shuka refu la sufu. Mtu alilikunjakunja, akalifunga kiunoni kwa mkanda, na sehemu ya juu akaitupa begani. Mikunjo yake ilihifadhi vitu. Anayejua kibindo hahitaji kuelezwa zaidi: mwanamume wa pwani aliyejifunga kikoi alifutika senti zake kiunoni, na hadi leo gazeti likiandika kwamba bondia katia kibindoni milioni kadhaa, linatumia neno lake. Bibi zetu nao walifunga noti kwenye pindo la khanga. Sporani za zamani ni za ukoo huo. Zilikuwa mifuko ya ngozi, mdomo umekazwa kwa kamba, zikabeba sarafu na vikorokoro vya njiani.

Katika karne ya 18 kilti ilifupishwa. Sehemu ya juu ikaondolewa, mikunjo ya kuhifadhia ikaenda nayo, na mkoba ukazidi kuhitajika. Kisha ikaja sheria ya 1746, baada ya uasi wa watu wa milimani kushindwa. Mwanamume aliyekutwa na vazi hilo alifungwa miezi sita. Akirudia, alipelekwa ng'ambo miaka saba. Askari wa mfalme hawakuguswa. Hadi sheria ilipofutwa mwaka 1782, kilti ilikuwa imeishi kambini kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akapanga sherehe, na mavazi ya kimilima ya mfalme yakagharimu zaidi ya pauni 1,300. Katika karne hiyohiyo sporani za vikosi ziliota nywele ndefu za mbuzi na farasi. Kwa hiyo yale madoido tunayoambiwa ni ya mababu, kwa sehemu kubwa, ni ya gwaride na ya dansi la wakubwa. Mchunga ng'ombe aliyevuka mlima kwenda mnadani alitaka mahali pa kutia pesa.

Basi ukinunua, nunua kama yeye. Nenda dukani na simu yako, funguo zako na kadi zako, uzitie zote ndani mbele ya muuzaji. Simu za siku hizi ni ndefu. Kifuniko kisipofunga pale, hakitafunga harusini. Tazama ubavu wa mkoba: ukiwa na ngozi iliyokunjwa kama mvukuto, utapanuka bila kuvimba mbele kama shavu lenye jino bovu. Jaribu kuufungua kwa mkono mmoja, maana wa pili utashika glasi au mtoto. Kamata mkanda wa ngozi, uache mnyororo, kwa kuwa chuma husugua sufu, na kilti iliyoshonwa kwa yadi nane za kitambaa si kitu cha kuchezea. Chagua ngozi tupu, nyeusi au ya kahawia. Mvua ya Uskoti haichagui siku ya harusi, na ngozi hufutwa, ikapakwa dawa kama kiatu, ikaendelea na kazi.

Nitaambiwa harusi si soko, waache watu wapendeze. Wapendeze! Ngozi iliyokatwa na kushonwa vizuri hupendeza kuliko manyoya yaliyolowa. Isitoshe, tangu sheria ya 2009 Umoja wa Ulaya umezuia biashara ya bidhaa za sili, isipokuwa zitokanazo na uwindaji wa jadi wa Wainuit na jamii nyingine za asili. Kama ya manyoya umerithi kwa babu, ivae kwa heshima. Mimi nasema na anayenunua mpya, na wewe mwanafunzi wa Mombasa au Mwanza unayesoma huko, ambaye siku moja utakodi kilti kwa harusi ya rafiki. Usipokee tu utakachopewa. Uliza kama ipo ya ngozi tupu, na uijaribu na simu yako.

Kinachonikera si urembo. Kila jamii inayotunza vazi lake hufika mahali pa kuchagua: kulivaa au kulionyesha. Vazi linalofanya kazi huvaliwa Jumanne, likachafuka, likatiwa kiraka, na mtoto akalizoea akiliona mwilini mwa baba yake. La maonyesho hungoja kabatini hadi mtu aoe. Na mkoba usiobeba kitu haufuti mzigo. Unampa mtu mwingine aubebe. Mtazame yule mama aliyekaa kando ya ukumbi, begani kwake mna funguo, simu mbili na miwani isiyo yake.