MASOMO YA ZIADA BILA KIPIMO NI CHANGA LA MACHO

Kijana mwenzangu, hebu tuulizane hapa hapa kijiweni. Ukipewa dawa ya homa, kisha usipimwe tena, daktari atajuaje kama umepona? Basi shuleni ndivyo tunavyotibiwa.

Nilipokuwa kidato cha nne, sisi tulioitwa vilaza wa Hisabati tuliwekwa masomo ya ziada kila jioni. Miezi mitatu! Mwalimu anajaza ubao, sisi tunanakili, kengele inalia. Hakuna aliyeniuliza: wewe unakwama wapi? Nilikuwa nakwama kwenye kujumlisha sehemu, mambo ya shule ya msingi. Yeye alikuwa kwenye logi. Nikapata F. Simlaumu, tulikuwa zaidi ya themanini chumba kimoja.

Ninaowalaumu ni wakubwa. Mtihani wa kidato cha nne wa 2012 ulipotoa sifuri zaidi ya 240,000, tume iliundwa. Mei 2013 matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, sifuri zikapungua. Madaraja yalipanda kwenye karatasi. Je, kuna kichwa hata kimoja kilichoongezewa hesabu? Mwaka huo huo ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na ahadi ya kuwasaidia walioachwa nyuma. Mpango ulikwenda zake, walioachwa nyuma bado wapo.

Na njia ipo! Shirika la Pratham la India humwita mtoto mmoja mmoja na kumsomesha herufi, neno, aya, kisha hadithi. Anapokwama ndipo anapoanzia, awe darasa la tatu au la tano. Baadaye anapimwa tena. Aliyepanda anahamishwa kundi. Aliyeganda anatafutiwa njia nyingine.

Hilo halihitaji shangingi wala semina ya posho. Ni daftari lenye jina la kila mtoto, na maswali matano kila Ijumaa.

Kijana, una mdogo wako shuleni. Ukidaiwa mchango wa masomo ya ziada, usiulize amehudhuria siku ngapi. Uliza: alianza wapi, leo yuko wapi, daftari liko wapi? Wakibabaika, ujue hapo hafundishwi mtu, mnaliwa fedha tu. Usingoje Mtihani wa Taifa ukujibu. Ule hautibu mgonjwa, unatangaza msiba.