Nakala ya Ubongo Haimwokoi Mwenye Ubongo

Wapo wanaoamini kwamba iko siku fahamu ya mtu itahamishiwa kwenye kompyuta, naye asife tena. Hoja yao si ya kubeza. Hans Moravec aliifafanua mwaka 1988 katika Mind Children: kama fikra ni kazi ya seli za neva, basi kazi hiyo ikiigwa sawasawa na mashine, fikra nazo zitakuwepo. Ukweli wa mwanzo wa hoja hiyo, kwamba fikra hutegemea seli za neva, anaujua yeyote aliyemuuguza mtu mwenye kiharusi. Lakini kwa kuwa elimu ya ubongo naienzi, siwezi kuliacha hitimisho la hoja hiyo lipite.

Kwanza, ramani ya ubongo si ubongo. Yupo mnyoo wa milimita moja, Caenorhabditis elegans, mwenye seli za neva 302 tu. Mchoro wa jinsi zinavyoungana ulichapishwa mwaka 1986, na hadi leo hakuna programu inayoenenda kama mnyoo huyo kwa ukamilifu. Mchoro unaonyesha nani kaungana na nani. Hauonyeshi nguvu ya kila kiungio, wala kemikali zinazosambaa nje ya viungio hivyo na kugeuza mwenendo wa mnyoo kati ya njaa na shibe. Sisi tuna seli kama bilioni 86. Mwaka 2024, ramani ya milimita moja ya ujazo ya ubongo wa binadamu, iliyochorwa na watafiti wa Harvard na Google, ilihitaji petabaiti 1.4 za data.

Ingawa hivyo, ugumu si ushahidi kwamba jambo haliwezekani. Hoja ya pili ndiyo nzito. Tuseme nakala imekamilika, na mgonjwa angali hai kitandani. Nakala inawataja wanawe kwa majina, inaikumbuka harusi yake. Muuguzi akimchoma mgonjwa sindano, nakala haisikii chochote. Basi fahamu ni mbili, na mgonjwa akifa kesho, amekufa. Kungoja afe kwanza ndipo nakala iwashwe hakubadilishi lolote upande wake.

Moravec mwenyewe alikuwa na jibu: ubongo ubadilishwe tabaka kwa tabaka, mtu akiwa macho. Hapo nakiri sina hakika kwamba mtu angepotea. Hata hivyo, tutakuwa tumempa mtu yule yule ubongo mgumu zaidi, unaoweza kuungua au kuharibika kama mashine yoyote. Akiweka nakala ya akiba ili kujikinga na hilo, itakayowashwa baada ya ajali ni fahamu ya pili, si yeye.