Askari Peke Yao Hawatoshi

Bwana Mhariri,

Katika mdahalo wetu wa muhula huu tuliulizwa kama ilifaa Kenya kupeleka polisi wake Haiti, nchi ya kisiwani iliyoshikwa na magenge yenye bunduki. Polisi hao walianza kufika huko Juni 2024. Nilikuwa upande wa waliokubali, nikasema kwa sauti kubwa kwamba jirani akipiga yowe haulizwi maswali, husaidiwa. Tulishinda. Lakini moyo wangu haujatulia, kwa kuwa mfano nilioutoa niliutoa nusu.

Mfano huo ulikuwa Komoro. Mwaka 2008, ndio mwaka niliozaliwa, Kanali Mohamed Bacar alikuwa amekatalia madarakani katika kisiwa cha Anjouan, ambacho wenyewe hukiita Nzwani. Tarehe 25 Machi askari wa Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwamo, walishuka huko pamoja na jeshi la Komoro. Bacar alitoroka kwa mashua mpaka Mayotte, kisiwa kilichobaki chini ya Ufaransa Komoro ilipojitawala mwaka 1975. Hapo nikakoma, nikapigiwa makofi.

Nusu ya pili ni kwamba watu wa Nzwani nao hufuata njia ile ile ya Bacar, wala hawana kosa. Wanatafuta kazi, shule na hospitali. Tangu 1995 hawaruhusiwi kuingia Mayotte bila viza, basi hupanda usiku mashua ndogo ziitwazo kwasakwasa, zilizojaa kupita kiasi, kuvuka bahari ya kilometa 70 hivi. Wengine ni mama wajawazito wanaokwenda kujifungua. Maelfu wamekufa maji. Sisi tunaotoka Kate tukiteremka Kirando twaona jinsi Ziwa Tanganyika linavyochafuka upepo ukivuma, nalo ni ziwa tu.

Wenzangu watasema nimegeuka. Sikugeuka. Bacar aliwekewa vikwazo mwaka 2007, naye akakaa tu. Asingeondoka kwa kuombwa. Ila askari walimaliza kazi upesi wakarudi, na wauguzi je? Mkomoro mwenye nauli huja kutibiwa Dar es Salaam. Asiye nayo hubaki na kwasakwasa. Kama tuliweza kupeleka bunduki, twaweza kupeleka wauguzi wakakae huko miaka, si siku chache.

Naomba uyachape haya, Bwana Mhariri, maana katibu wa mdahalo aliandika nusu ya kwanza tu.