Moto Ukizimwa, Kazi Bado

Jamani wanachuo, bweni likiungua, moto ukishazimwa tu tunakimbilia ndani kutafuta vyeti na simu. Ukuta uliopasuka unaweza kukuangukia, na makaa chini ya magodoro huwaka tena, hasa kwa upepo huu wetu wa Dodoma.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lisiondoke na gari lake hivi hivi. Lizungushe utepe, lihakikishe umeme umekatwa, na liuachie uongozi maandishi: nani aingie, na lini.

Sisi walimu watarajiwa linatuhusu. Bweni la Idodi, Iringa, liliungua mwaka 2009, wanafunzi 12 wakafariki. Kesho mabweni kama lile tutakabidhiwa sisi. Cheti kinatafutwa kingine, mtoto je? Tusubiri nje mpaka zimamoto waseme ndiyo.