Bei ya Mchezo na Swali la Mbiru

Katika mji wa Same, kama ilivyo katika miji mingi nchini, banda la gemu ni mahali panapofahamika na vijana. Humo mna televisheni, mtambo wa kuchezea, na pedi mbili ambazo hupita katika mikono mingi kwa siku moja. Wachezaji hulipia kila mchezo, na anayefungwa humpisha mwenzake. Kwa utaratibu huo diski moja, iliyotengenezwa ng'ambo kwa ajili ya sebule ya familia moja, huwahudumia vijana wa mtaa mzima, pamoja na wale washukao kutoka vijiji vya Milima ya Upare.

Mchezaji wa siku nyingi, aliyeshika pedi tangu enzi ya PlayStation 2, ana malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba kila mwaka huuzwa mchezo uleule chini ya jina lilelile. La pili ni kwamba bei haishuki, bali hupanda. Malalamiko hayo yafaa yapimwe kwa hesabu na kwa ujuzi wa mambo, wala si kwa hasira.

Kuhusu jina, mchezaji huyo ana hoja. Kampuni ya Electronic Arts ya Marekani ilitoa mchezo wake wa kwanza wa soka wenye jina la FIFA mwaka 1993, na tangu hapo ikatoa toleo jipya kila mwaka. Mkataba wa kutumia jina hilo ulipokwisha, toleo la mwisho likiwa limetoka mwaka 2022, kampuni iliendelea mwaka 2023 na mfululizo wake kwa jina la EA Sports FC. Uwanja ulikuwa uleule, kanuni za mpira zilezile, na wachezaji wengi hawakuhama. Tukio hilo ni somo zuri la uchumi, kwa maana lilidhihirisha kwamba mchezo ni kitu kimoja na jina ni kitu kingine, na kwamba kila kimoja kina mwenyewe na kina bei yake. Kampuni hupenda jina linalojulikana kwa sababu kutunga mchezo mkubwa huhitaji mamia ya mafundi kwa miaka kadhaa, na jina kongwe hupunguza hatari ya kupata hasara. Bao la kete halina mzigo huo. Mashimo yake 32 na kete zake 64 hazina mwenye kulipwa, na kanuni zake ni mali ya wote wazijuao.

Kuhusu bei, hoja yake ina upungufu. Mwaka 2005 michezo mipya mikubwa ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 60. Mwaka 2020 bei ya mingi ilifika dola 70, na mwaka 2025 kampuni ya Nintendo iliuza Mario Kart World kwa dola 80. Lakini fedha nayo hupungua nguvu. Kwa kipimo cha bei za bidhaa nchini humo, dola 60 za mwaka 2005 zinakaribia dola 100 za mwaka 2025. Kwa mnunuzi wa Marekani, basi, mchezo haukupanda bei kwa thamani halisi. Aonaye namba kubwa akadhani kwamba kitu kimekuwa ghali hajamaliza hesabu. Imempasa pia aulize fedha hiyo hupatikana kwa saa ngapi za kazi, na kwa mkulima wa Same, kwa kilo ngapi za tangawizi.

Katika mtambo wenyewe, hata hivyo, kuna badiliko la kweli. PlayStation 2 iliingia sokoni Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, na kufikia mwaka 2009 iliuzwa kwa dola 99. Mafundi walikuwa wakijifunza kupunguza ukubwa wa transista, yaani swichi ndogo mno za umeme ambazo ndizo hufanya hesabu za kompyuta. Kadiri transista zilivyopungua ukubwa, ndivyo kipande kimoja cha silikoni kilivyotoa vifaa vingi zaidi, na kila kifaa kikawa rahisi. Mkondo huo sasa umepoteza kasi, kwani viwanda vya kutengeneza transista ndogo zaidi vimekuwa ghali kupita kiasi, na gharama ya kila transista haipungui kama zamani. PlayStation 5 iliuzwa kwa dola 499 mwaka 2020, na mwezi Agosti 2025 ikapandishwa Marekani hadi dola 549. Mtambo uliokaa sokoni miaka mitano ukawa ghali kuliko ulipokuwa mpya.

Lakini liko jambo la tatu, lenye uzito kuliko yote mawili kwa mji kama Same, nalo halimo katika malalamiko ya mchezaji. Ni diski. Chukua mfano wa hesabu tu: mchezo wa dola 70, kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, hugharimu shilingi 175,000. Banda likitoza shilingi 500 kwa mchezo mmoja, michezo 350 huirudisha fedha hiyo, bila kuhesabu umeme na mtambo. Bei isiyoweza kubebwa na kijana mmoja hubebwa na mtaa, kwa sababu diski huazimwa, hubadilishwa na huuzwa tena. Hiyo ndiyo nguzo ya banda.

Nguzo hiyo inaondolewa polepole. Tangu mwaka 2020 PlayStation 5 imeuzwa pia katika umbo lisilo na mahali pa kutia diski, na PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024 ilitoka bila sehemu hiyo, hata inunuliwe kando. Mchezo hushushwa kwa intaneti na kufungwa kwa jina la mnunuzi, ambaye hapewi mali bali ruhusa ya kutumia. Mchezo uitwao The Crew, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2014, ulizimwa mwaka 2024 kampuni ilipofunga kompyuta zilizouendesha, na walioununua wakabaki mikono mitupu. Jimbo la California limewataka wauzaji, kuanzia mwaka 2025, wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Bei iliyoandikwa inaweza kubaki ileile, ilhali kinachonunuliwa kimepungua.

Hapa historia ya Upare ina neno la kusema. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, chini ya utawala wa Mwingereza, iliwekwa kodi ya ngazi iliyotegemea makisio ya mali ya kila mtu, ikaitwa mbiru, jina la ushuru wa jadi. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka hadi Same, yaliyokuwa makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao walijitokeza. Shina la malalamiko, kama alivyoonyesha mwanahistoria Isaria Kimambo, halikuwa kiasi cha fedha pekee, bali namna ya kukisia ambayo mlipaji hakuielewa. Hatimaye utaratibu huo uliondolewa.

Mchezo si kodi, na hakuna anayelazimishwa kuununua. Hata hivyo swali la wazee wale lingali na nguvu: kiasi hiki kimepatikanaje, na mlipaji anapata nini? Ndilo swali ambalo Ubelgiji iliuliza mwaka 2018 juu ya vifurushi vya bahati vinavyouzwa ndani ya michezo, ambamo mnunuzi hulipa kabla ya kujua atakachopata. Iliamuliwa kwamba vilikuwa sawa na kamari, na mwaka 2019 Electronic Arts ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia vifurushi hivyo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kunakili. Si dawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na kijana wa Kitanzania atakayetunga programu yake kesho ataihitaji sheria hiyohiyo. Dawa iliyo karibu ni elimu. Mwalimu wa Hisabati awape wanafunzi bei za mwaka 2005 na za leo wazilinganishe kwa kilo za tangawizi. Mwalimu wa Uraia awafundishe tofauti ya mali na leseni. Na penye kompyuta shuleni, wanafunzi waanze kutunga kwa programu zisizotozwa fedha, kama vile Scratch na Godot.

Mchezaji atakayeuliza swali la mbiru kabla ya kutoa fedha yake hatakosa burudani. Atajua tu iwapo amenunua kitu, au amekodi mlango ambao ufunguo wake anao mwingine.