Mkate Unapanda ama Haupandi?

Juni 2024 kila msee niliyemjua alikuwa anaposti kuhusu Mswada wa Fedha, na mimi nikaona sitaachwa nyuma. Nikaandika aya tisa. Bando ikaisha katikati ya kazi, nikakopa nyingine. Nikaposti saa kumi alfajiri, nikalala nikijua nikiamka nitakuwa maarufu.

Niliamka na laiki 14. Tatu zilikuwa za mabinamu.

Laiki nilisahau haraka. Mamangu ndiye alinimaliza. Yeye ana kibanda hapa mtaani: mkate, maziwa, mayai, kredo. Alichukua simu yangu, akasoma aya zote tisa bila kuruka hata moja, akanirudishia, akauliza: "Sasa mkate unapanda ama haupandi?"

Mkate ulikuwa humo ndani, lakini jibu halikuwepo. Mtu anayeuza mkate kila asubuhi alikuwa amesoma kazi yangu mpaka mwisho na bado hakujua atawaambia nini wateja wake.

Tangu siku hiyo sijaacha kufikiria ushauri tunaopewa sisi wote tunaotaka kuandika mtandaoni. "Posti kila siku. Usikose hata siku moja. Utakuwa mkali tu." Mimi nilikuwa naposti kila siku kwa karibu mwaka mzima kabla ya Juni hiyo. Kama kuposti kila siku kungetosha, mamangu hangeniuliza lile swali.

Kitu ambacho nilikuwa nafanyia mazoezi, kumbe, ni kujificha. Nilikitoa shuleni. Wenye mmefanya KCSE mnajua Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili: insha mbili, alama 20 kila moja. Tulifundishwa kufungua na jua linalochomoza, kunyunyiza methali, kutia misamiati mikali. Na haikuwa vibaya, kwa sababu mwalimu analipwa kusoma mpaka mwisho. Mtu aliye kwenye matatu na simu ya asilimia nane hajalipwa na yeyote. Lakini mimi nilitoka shule na ile kalamu ya kutafuta alama, nikaihamishia kwenye simu, nikaizungusha kila siku kwa mwaka. Nikawa mkali sana wa kuandika vitu ambavyo havisemi kitu.

Hebu ona. Sentensi yangu ya kwanza usiku ule ilikuwa hivi: "Kutokana na hali ngumu ya uchumi inayoendelea kuikumba nchi yetu tukufu, ni dhahiri shahiri kwamba pendekezo la kubadilisha utaratibu wa utozaji ushuru wa bidhaa muhimu litamwathiri mwananchi wa kawaida." Isome tena. Mkate uko wapi? Pesa ngapi?

Baada ya swali la mama niliketi pale kibandani nikaandika upya: "Leo mkate unatozwa VAT ya asilimia sufuri. Mswada unataka iwe 16. Ukipita hivi ulivyo, mkate wa shilingi 65 unaweza kufika 75." Sentensi tatu. Mama akasoma, akasema "haya," akageuka kumhudumia mteja. Hiyo "haya" ndiyo sifa ya kwanza ya kweli niliyowahi kupata kama mwandishi.

Siku chache baadaye, tarehe 18, ushuru huo wa mkate uliondolewa kwenye mswada, na wiki iliyofuata nchi nzima iliona yaliyotokea Juni 25. Ninachokumbuka mimi kuhusu wiki hizo ni nani alisomwa. Kulikuwa na vijana wa rika langu waliochukua kifungu kimoja kimoja na kukieleza kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani, mpaka nyanya kijijini akaelewa kinachomhusu. Walisomwa kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu kichwani anayemweleza, na aliandika mpaka huyo mtu aelewe.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: mazoezi ya kila siku ni lazima, sibishani na hilo. Lakini mazoezi bila mtu mmoja halisi wa kumwandikia ni kukimbia papo hapo. Utatoka jasho na hutafika popote.

Hata wakubwa walianzia hapo. Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa kazi iliyotoka kwanza kwenye jarida la mtandaoni, wakati wengi wetu hapa hatukuwa tumezaliwa ama tulikuwa tunavaa nepi. Na ile makala yake inayojulikana dunia nzima, How to Write about Africa, ilianza kama barua pepe ndefu ya hasira kwa mhariri wa jarida la Granta. Barua kwa mtu mmoja. Halafu mwaka 2005 Granta wakaichapisha.

Sasa mimi nafanya hivi. Kila siku naandika jibu la swali moja ambalo mtu ameniuliza kweli: mteja wa mama, ndugu yangu mdogo, jamaa wa boda. Maneno 150, kwenye simu, nikiwa kwenye matatu kuelekea tao. Nikifika stejini nimemaliza, iwe nzuri ama mbaya. Kwanza najirekodi nikimweleza huyo mtu kwa sauti, halafu naandika nilichosema. Utashangaa. Kwa mdomo hakuna anayesema "dhahiri shahiri". Tukishika kibodi ndiyo tunavaa suti.

Sita kati ya hizo saba za wiki siziposti. Jumapili nazisoma zote, nachagua moja, na kitu cha kwanza nafanya ni kufuta aya ya kwanza. Mara nyingi hakuna kinachopotea. Halafu nampa mtu asome mbele yangu na nanyamaza. Akisimama mahali, akirudi nyuma kusoma mstari tena, hapo pana shida, na shida si yake.

Najua kuna wenye watasema kazi yote hiyo ni ya nini na kuna programu za akili bandia zinazotoa aya tisa safi kwa sekunde kumi. Ni kweli zinatoa. Lakini aya tisa safi mimi nilikuwa nazo tayari. Kilichokosekana ni kujua mama anauliza nini, na hilo nililijua kwa sababu niliona uso wake akinirudishia simu. Ukimwachia mwingine aibu hiyo, umemwachia pia somo.

Na wale wa "posti kila siku usisahaulike", ninawaelewa. Naposti mara moja kwa wiki na wafuasi wengine wameondoka. Iliuma. Lakini nikiangalia zile posti za mwaka ule mzima, siwezi kukutajia hata moja iliyomsaidia mtu kuamua kitu.

Mwaka uliopita mama aliniuliza kuhusu SHA. Kila mtu alikuwa anaongea kuhusu ile asilimia 2.75 ya mshahara, na yeye hana mshahara. Swali lake: "Mimi wa kibanda nalipa ngapi, na ni kwa mwezi ama kwa mwaka?" Nikaandika kwenye matatu, nikafuta, nikaandika tena siku tatu mfululizo. Kwamba wasio na mshahara hupimwa kwa mapato ya nyumba yao, kwamba kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwamba wao hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Halafu nikampa simu.

Akasoma. Hakuuliza chochote. Akaitumia kwenye grupu ya chama chao bila hata kuniomba ruhusa.

Kwa hivyo wewe unayeniuliza kila siku utaanzaje kuandika: leo jioni kuna mtu nyumbani kwenu ana swali. Anza na hilo.