Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Siku hizi huku Gety limezuka neno ambalo vijana wengi wamelishika kama methali mpya: "Kwa nini ninunue hapa, na simu ninayo?" Neno hilo ni fupi, nalo hupendeza masikioni. Lakini tukilipima vema tutaona kwamba ndani yake mna hasara kubwa kwa kijiji, na hasara hiyo haimwangukii kwanza yule alisemaye, bali jirani yake aliye maskini. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, tumeona yafaa tulijibu.

Tueleze kwanza jambo lenyewe lilivyo, tusije tukapigana na kivuli. Mwenye duka kubwa mjini Bunia, au Butembo, au hata Kampala, hupiga picha vitu vyake na kuvionyesha katika WhatsApp na Facebook. Mtu wa Gety aona viatu, aona kitenge, aona taa ya jua. Apeleka fedha kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kisha angojea motari aje na kifurushi kwa njia ya Bogoro. Wengine huagiza mbali zaidi, Dubai na Uchina, kwa mkono wa mtu wa mjini akusanyaye maagizo ya watu wengi. Wanaofanya hivyo ni akina nani? Ni walimu, wauguzi, watumishi wa serikali na wa mashirika, yaani wenye mshahara na simu nzuri. Mama mjane auzaye mafungu ya mihogo hana simu ya namna hiyo. Yeye hununua chumvi kwa kipimo kidogo na sabuni kwa kipande, hapa hapa. Tumkumbuke mama huyo mpaka mwisho wa maneno yetu, maana shauri hili ni lake kuliko letu.

Basi twasema wazi: mtu wa Gety awezaye kupata kitu katika duka la Gety kwa bei ya haki, naye akakiagiza mbali kwa simu, afanya vibaya. Hatusemi ameiba, wala hatusemi amevunja sheria ya nchi. Twasema anabomoa ukuta unaomkinga yeye na jirani zake. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika barua yake ya mwaka 2009 juu ya upendo na ukweli, alifundisha kwamba kununua si jambo la fedha tu, ni tendo la dhamiri pia. Wengi hudhani dhamiri ni kwa muuzaji peke yake, asipunguze kipimo. Sivyo. Mnunuzi naye anayo ya kwake.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Mwenye duka wa hapa hulipa gari au pikipiki, hulipa kodi, hulipa katika vizuizi vya njiani, ndipo afikishe mzigo wake. Gharama hizo huzigawanya juu ya kila kitu auzacho. Tuseme gari moja laweza kuleta vitu mia: akiuza mia, kila kimoja hubeba sehemu ndogo, lakini akipata wanunuzi wa vitu ishirini tu, kila kimoja hubeba mara tano. Sasa, mwalimu na muuguzi wakiacha kununua kwake, nani abakiye? Ni yule mama mjane. Ndiye atakayebeba gari zima juu ya kichwa chake. Bei ikipanda, wale waliojitenga husema, "Mwaona? Maduka ya hapa ni ghali!" Walakini ndio waliosaidia kuipandisha. Atoboaye mtumbwi asilaumu maji.

Sababu ya pili ni mzunguko wa fedha. Franka 20 000 zikitolewa katika duka la hapa, hazikai dukani. Mwenye duka amlipa kijana apakuaye mzigo; kijana huyo anunua maharage ya mkulima; mkulima ampelekea fundi cherehani sare ya mtoto; fundi arudi dukani kununua uzi. Franka 20 000 zikipelekwa mjini kwa kidole kimoja, zimekwenda. Hazitamlipa kijana wala mkulima wala fundi. Nao wenye mshahara ni wachache huku kwetu. Wengine wote twaishi kwa jembe. Kama mshahara wa wachache haupiti katika kijiji, hata ukilipwa kila mwezi ni kama mvua inyeshayo ng'ambo ya mto.

Sababu ya tatu ni siku ya shida. Nani asiyejua maisha yetu ya Walendu-Bindi? Mwaka 2006 maelfu ya watu walikimbilia Gety wakiwa hawana kitu. Miaka mingi baadaye tuliishi tukisikia bunduki, mpaka serikali na watu wa FRPI walipotia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2020. Hata baada ya hapo amani ya jimbo letu haikutimia: tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa wanajeshi. Kila mtu wa hapa anajua kwamba njia ya Bunia, iliyo kama kilomita 60, yaweza kuwa wazi asubuhi na kufungwa jioni. Njia ikifungwa, picha za viatu katika simu zaendelea kung'aa, lakini motari haji. Siku hiyo chumvi hutoka wapi? Dawa ya kuharisha kwa mtoto hutoka wapi? Hutoka katika duka la karibu, kama duka hilo lingali hai.

Na tena, siku ya shida mtu hana fedha mkononi. Mwenye duka wa mjini hakujui. Kwake wewe ni namba ya simu. Bila fedha hakuna kifurushi. Jirani yako mwenye duka anamjua baba yako, anajua shamba lako, anajua kwamba mavuno yakifika utalipa. Huandika jina lako katika daftari na kukupa sabuni ya kumwoshea marehemu. Wazee walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka wetu twamjua. Basi na fimbo tuiweke karibu.

Sababu ya nne ni amani yenyewe. Watu wasioketi pamoja katika mikutano hukutana sokoni. Mngiti huleta mihogo na maharage, Mhema huleta maziwa, samaki hupanda kutoka Kasenyi, pwani ya Ziwa Albert. Baada ya damu iliyomwagika Bogoro tarehe 24 Februari 2003, na damu nyingi nyingine ya pande zote, ni vigumu kumwambia mtu, "Mpende jirani yako," na asiulize, "Yupi?" Lakini mtu anayemwuzia jirani leo, na kumdai kesho, na kulipwa kesho kutwa, amekwisha kuanza kumhitaji. Biashara ya uso kwa uso si upatanisho kamili, lakini ni mlango wake. Kifurushi kilichofungwa mjini hakipatanishi mtu na mtu.

Na wale vijana waliotupa silaha, watafanya kazi gani? Kibanda kidogo cha sukari na unite za simu ni kazi. Kibanda hicho kikifa kwa kukosa wanunuzi, tusishangae tukimwona mwenye kibanda amerudi porini.

Kongo imekwisha kuona maduka yakifa, nasi tungepaswa kukumbuka. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatatiwa mikononi mwa wananchi. Neno lilisikika zuri. Lakini maduka mengi walipewa watu wenye vyeo, wasioijua biashara. Wakauza mali iliyokuwamo, wakala fedha, wasilete mali mpya. Rafu zikabaki tupu, na kufika mwaka 1976 serikali yenyewe ilikuwa ikiwaita wenye mali wa zamani warudi. Hatuyakumbuki haya ili kuwasifu wageni wale. Twayakumbuka ili tujifunze jambo moja: duka si rafu na mlango. Duka ni maarifa ya mtu, na imani kati yake na watu wake. Likifa, halifufuki kwa tangazo.

Na huko ng'ambo je? Kampuni ya Borders ya Marekani, iliyokuwa na mamia ya maduka ya vitabu, mwaka 2001 iliikabidhi Amazon kazi ya kuuza vitabu vyake kwa intaneti. Ilidhani imepata mtumishi. Mwaka 2011 ilifilisika na kufunga milango yote. Na Afrika yetu? Jumia, iliyoanza kazi Lagos mwaka 2012, ilijitangaza kama soko la bara zima. Mwaka 2019 iliacha kazi Kamerun na Tanzania. Mwisho wa mwaka 2024 ikaacha Afrika Kusini na Tunisia. Hatuilaumu, mfanya biashara asiyepata faida hufunga. Bali angalieni tofauti: yeye akifunga, huondoka. Jirani yako biashara ikimlemea bado ni jirani yako, na mtoto wake bado asoma na mtoto wako. Ndiyo maana wazee walisema pia: usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa tuwasikilize wanaotupinga, maana hawakosi maneno.

Wasema kwanza: "Mjini ni rahisi." Twajibu: hesabu yote, usihesabu nusu. Weka bei ya kitu, weka ada ya kutuma fedha, weka mega ulizotumia kutazama picha, weka malipo ya motari. Kisha ongeza viatu vilivyokuja vidogo kuliko mguu. Picha haivaliwi mguuni, wala haipimwi kwa mkono. Na kitu kikija kibovu, utamrudishia nani?

Wasema pili: "Hata vitu vya duka la hapa vyatoka Uganda na Uchina, tofauti ni nini?" Neno hili lina akili, tulipambanue. Kwamba sabuni imetoka mbali, twakubali. Kwamba kwa hiyo ni mamoja kuinunua po pote, twakataa. Bei ya sabuni ina sehemu mbili: ile ya mtengenezaji, nayo yaenda kwake kwa vyo vyote, na ile ya mwuzaji, nayo yakaa pale alipo mwuzaji. Hiyo ya pili ndiyo tunayogombania. Na zaidi ya hayo, unga, maharage, mafuta ya mawese, viti, majembe ya mhunzi na nguo za fundi havikutoka Uchina.

Wasema tatu: "Vingine havipatikani hapa." Kweli. Kitabu cha shule, kioo cha jua, kifaa cha hospitali, agizeni bila wasiwasi. Sisi hatuichukii simu. Huyu akaaye katika kibanda akituma na kupokea fedha za watu naye ni mfanya biashara wa hapa, na kazi yake ni njema. Simu ni jembe. Twauliza tu inalima shamba la nani. Lakini kabla ya kuagiza, mwulize mwenye duka kama aweza kukuletea. Mara nyingi halina kwa sababu hajaulizwa.

Wasema nne: "Wenye maduka hutunyonya." Hapo hatutawaficha wenye maduka nyuma ya mgongo wetu. Wapo wapunguzao kipimo. Wapo wauzao dawa iliyopita siku zake. Wapo wapandishao chumvi mara tu wasikiapo kwamba njia imefungwa, wakitajirika kwa hofu ya jirani. Hao ndio mawakala wa kweli wa maduka ya mbali. Wanawafukuza watu kwa mikono yao wenyewe. Ndugu mwenye duka, andika bei mahali pa kuonekana. Kopesha kwa ajili ya ugonjwa na njaa, usikopeshe kwa ajili ya pombe. Jibu mteja kwa heshima, hata mtoto aliyetumwa. Usipofanya hivyo, hatuna neno la kukutetea.

Na kama hakuna mwenye duka mwaminifu, dawa si kukimbilia mbali. Dawa ni kujiunga. Mjini Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji maskini, walichoka na maduka yaliyochanganya unga na vitu vibaya. Kila mmoja akaweka akiba kidogo kidogo mpaka ikafika pauni moja. Tarehe 21 Desemba 1844 walifungua duka lao wenyewe, lenye vitu vichache tu kama siagi, sukari na unga. Walishika amri chache: bidhaa safi, kipimo kamili, hesabu wazi, na faida kugawanywa kwa kadiri kila mtu alivyonunua. Watu walicheka. Lakini kutoka duka lile vyama vya ushirika vimeenea dunia nzima. Walimu wa shule moja ya hapa hawawezi kufanya hivyo? Wauguzi je? Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, wasomaji wapenzi, hatuombi mengi. Mshahara ukifika, anza kwa duka la karibu. Nenda mbali kwa kile tu usichokipata. Lipa madeni yako mapema, maana daftari lililojaa majina yasiyolipa limeua maduka mengi kuliko simu. Na ukiona bei imezidi, mwambie mwenye duka usoni, usimtoroke kimya kimya. Yule mama mwenye mafungu ya mihogo hataisoma habari hii. Lakini wiki ijayo atakwenda kununua chumvi yake, na bei atakayoikuta itakuwa imeamuliwa na sisi wenye simu.